Mvuke Si Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka nimelowa. Si jasho. Shemeji amenimwagia ndoo ya maji saa kumi na mbili asubuhi, akidhani pazia linaungua. Halikuwa pazia. Nilikuwa mimi, chali juu ya kochi la dada yangu, napuliza mvuke wangu wa kwanza wa siku na kuutazama ukipanda darini. Ulikuwa umeanza kufanana na farasi. Farasi mzuri! Hajapata hata mkia, ndoo ikafika.

Dada hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza kuhusu kochi. Kisha akatoa sheria: hiyo filimbi yangu isionekane tena sebuleni, wala jikoni, wala msalani. Nikamweleza kwa upole kwamba si filimbi, ni sigara ya umeme. Haiwaki, haina majivu, na kinachotoka ni mvuke. Mvuke si moshi. Shemeji akasema basi hilo ni birika la mfukoni, na mahali pa birika ni jikoni. Dada akamkumbusha kwamba jikoni nako ni marufuku. Wakaanza kubishana wao kwa wao, nikapata nafasi ya kubadili shati.

Nina miaka thelathini na minane. Kitanda changu kina mito mitatu ya kuegemea na rimoti iliyopotelea ndani. Nikigeuka ubavu, televisheni inawaka.

Kazini, habari kubwa! Mama Bosi ametukusanya sote wawili, mimi mpiga pasi na fundi cherehani anayerekebisha nguo. Duka lake la pili la dobi, ng'ambo ya mto, liko tayari. Atakayekabidhiwa funguo ndiye msimamizi, na juu ya duka kuna chumba, atakaa bure. Kina dirisha, akasema, na linafunguka. Alilitaja hilo juu juu tu. Mimi sikusikia kingine baada ya hapo. Uamuzi ni Jumamosi, saa tano.

Dirisha linalofunguka! Shati moja nimelipiga pasi mara nne nikiwaza. Mimi hapo, nimeegemea kizingiti, mto chini. Mvuke wangu unatoka taratibu, haumgusi mtu, unavuka paa za nyumba na kwenda kujiunga na mawingu ya kweli, nayo yanaupokea kama ndugu aliyekuwa safarini. Hakuna ndoo.

Mpinzani ni mmoja, fundi cherehani. Humu shajarani namwita Bi Pua. Akinusa suruali anakwambia mwenye nayo amekula nini na alikaa karibu na nani. Pua yangu mimi ni pambo. Imeziba tangu utotoni, naibeba kwa ajili ya miwani tu.

Kabla ya kuondoka, Mama Bosi amebandika tangazo ukutani: MARUFUKU KUVUTA NDANI. Alikuwa akinitazama mimi, si ukuta.

Sasa najiuliza. Humu dobi pasi inatoa mvuke. Mashine inatoa mvuke. Chai ya Bi Pua inatoa mvuke. Aliyekatazwa ni mimi peke yangu. Kama huu si uonevu, ni nini?


Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Tatizo si mvuke, ni adabu. Watu huchukia jambo lisilo na utaratibu. Wape utaratibu, watatulia. Kwa hiyo nimeandika Kanuni za Adabu ya Mvuke Ndani ya Majengo, kwa mwandiko wangu mzuri, nikazibandika sehemu ya wateja, juu ya benchi.

Ya kwanza, mwenye kifaa ageukie ukutani, kama mtu anayesoma kalenda. Ya pili, asipulize juu ya mtoto mchanga, bibi harusi, wala mtu anayepiga miayo. Ya tatu, wingu likimfuata mtu, si kosa la mwenye wingu. Ya nne, ndani ya lifti asubiri mpaka mlango ufunguke, kisha apulize na ashuke haraka. Zilikuwa saba zote. Ya saba ilisema wenye kukohoa wakohoe kwa adabu.

Mke wa daktari wa meno, aliyefuata mashuka yake, alizisoma mpaka mwisho, akatoa kalamu, akaweka mkato mmoja. Nikamwona mtu wa maana. Bi Pua naye akaja na chaki yake ya kuchorea nguo, akaandika chini: Ya nane, muulize aliye karibu kama anakerwa.

Nimecheka mpaka nikashika kaunta. Ukimuuliza mtu, si atajibu?

Saa tisa Mama Bosi amefika, amesoma, amebandua. Karatasi ameikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa ile meza inayoyumba. Meza imetulia. Angalau kanuni zangu zinafanya kazi.

Lakini jioni, uvumbuzi! Nilikuwa nimezidiwa. Nimevuta kidogo tu nyuma ya reli ya nguo, mdomo umejaa, nikasikia viatu vya Mama Bosi vinarudi. Niupeleke wapi? Mbele yangu lilikuwa limetundikwa koti la mwalimu mkuu, zito, la sufu. Nikashika mkono wa koti, nikatia mdomo, nikapuliza ndani. Nikangoja. Hakikutoka kitu! Koti limemeza wingu zima kimya kimya. Nikalivisha mfuko wake wa nailoni, nikafunga fundo. Mama Bosi akapita, akavuta pumzi, akasema leo hewa ni nzuri.

Nimerudi nyumbani natembea kama mtu mwenye siri na serikali.


Jumatano, 5 Machi

Makoti tisa leo. Tisa! Kila mkono nimepuliza, kila mfuko nimefunga. Sijamsumbua binadamu hata mmoja. Hii ndiyo adabu ya juu kabisa, na hakuna wa kunipongeza kwa sababu hakuna anayejua. Koti nilipendalo ni la mpima ardhi. Ana mikono mirefu yule, unapuliza mara mbili.

Mvuke umenifanya mwepesi. Nimeona ngazi ya chumba changu, nimeona mlango, nimeona pazia jeupe likicheza. Pasi inapumua, mimi napumua, na mashine ya kukaushia inazunguka kama inaimbia mtoto alale. Nimeunguza kola moja.

Saa nne Bi Pua amesimamisha cherehani na kuinua kichwa. Akasema humu ndani kuna stroberi. Nikamwambia ana njaa. Akasema stroberi, na krimu kidogo. Nikamwambia basi njaa yake ina makuu. Akainuka akaanza kunusa: sabuni, mashine, kapu la soksi. Alipokaribia makoti nikadondosha kopo la vifungo, makusudi. Tumeokota vifungo mpaka saa sita. Kimoja bado hakijaonekana, na nahisi nimekikalia.

Harufu hiyo ya Bi Pua hainihusu. Mvuke hauna harufu. Kasha la dawa ya kifaa changu ni jekundu, limeandikwa kwa lugha nisiyoijua, na muuzaji hakunitajia harufu yoyote, wala sikumuuliza. Mimi naambulia utamu tu ulimini. Utamu mwekundu hivi, kama kusamehewa.

Makoti matatu yamechukuliwa jioni: la mwalimu mkuu, la mpima ardhi, la daktari wa meno. Nimewakabidhi wake zao kwa heshima zote.


Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa! Nianze mwanzo.

Asubuhi mke wa mwalimu mkuu ameingia na koti la mumewe kwapani kama aliyekamata mwizi. Akainama kwenye kaunta akaninong'oneza: kaka, koti hili lilifuliwa pamoja na nguo za nani? Nikamwambia makoti hufuliwa peke yake. Akafumba macho, akasema ndivyo alivyoogopa. Koti linanukia stroberi. Mikononi hasa, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amekumbatiwa. Mwalimu mkuu ameapa kwa vitabu vyote vya shule kwamba hajui lolote. Usiku wa jana amelala sebuleni.

Nikamhurumia. Makochi nayajua.

Hajamaliza, mke wa mpima ardhi huyo, koti kwapani. Hawa wawili hawasalimiani tangu mpima ardhi apime ua wa mwalimu mkuu, ukapungua hatua moja. Wakakaa kila mmoja ncha yake ya benchi. Kisha pua ya mmoja ikapata harufu ya koti la mwenzake. Wakasogea. Wakasogea tena. Wakabadilishana makoti, wakanusa. Mke wa mpima ardhi akasema ndiye huyo huyo. Mke wa mwalimu mkuu akasema, na krimu! Wakakumbatiana wakalia. Ua umesahauliwa.

Saa tano ikaingia koti la tatu, la daktari wa meno, na mkewe nyuma yake. Mumewe alipoulizwa alicheka, na hilo ndilo lililomponza.

Mwanamke mmoja, wanaume watatu! Wamempa jina papo hapo: Bibi Stroberi. Ni mrefu, walikubaliana, maana harufu iko juu mabegani. Hana haya. Na lazima ana nywele nyingi.

Bi Pua akasema kutoka nyuma ya cherehani kwamba kabla ya kumtafuta mwanamke watafute kwanza harufu. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi pia sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa mbali.

Nilikuwa naye. Mchana kutwa nimemwona Bibi Stroberi ndani ya mvuke wa pasi. Anakuja kutoka mwisho wa reli ya nguo, hatua hazisikiki, mashati yanampisha njia. Nguo yake nyekundu. Anapopita, makoti yanainua mikono. Hanitazami. Kisha ananitazama! Wanaume watatu wenye vyeo wanamjua, na mimi, ninayezipiga pasi nguo zao, sijawahi kukumbatiwa tangu hospitali nilikozaliwa.

Nampenda. Basi, nimeandika. Nampenda mwanamke ambaye sijamwona, na wala pua yangu haiwezi kunisaidia kumtafuta.


Ijumaa, 7 Machi

Wake watatu wamekuja kwa pamoja, wameshikana mikono. Wameniomba niwe jicho lao, kwa kuwa makoti yote ya mtaa yanapita mbele yangu. Wakaniita kaka mwaminifu. Nikakubali, nikaweka mkono kifuani.

Ujanja wangu ni huu: nitakuwa jicho lao na mdomo wa Bibi Stroberi. Lazima aonywe. Na akishaonywa, mwanamke aliyeonywa atahitaji pa kukimbilia. Nani mwenye chumba? Mimi, kuanzia kesho saa tano!

Nimeandika barua, nimechana nne, ya tano imesimama. "Kwako unukiaye vizuri. Wanakutafuta. Waache hao wote. Njoo dobi Jumamosi saa nne, nina chumba chenye dirisha. Mimi ni yule anayekuelewa." Sikutia jina. Jina linaharibu ndoto.

Nimeitia mfuko wa ndani wa koti la mwalimu mkuu, lililokwisha fuliwa upya na kuchukuliwa mchana huu. Hesabu yangu ni nyepesi: atakapomkumbatia tena, mkono wake utapita mfukoni. Aliyelichukua koti ni mke wa mwalimu mkuu mwenyewe. Nimemfungia mfuko wa nailoni kwa fundo la heshima.

Jambo la pili. Bi Pua amesema kesho atamwambia Mama Bosi kwamba duka linanukia na kwamba anajua pa kuanzia. Vitisho! Mtu mwenye akili hujitayarisha kisheria. Nikatazama huku na huku. Mlango wetu wa kioo, upande wa nje, una kibandiko kikubwa cha bluu: VUTA. Upande wa ndani: SUKUMA. Miaka yote hiyo naingia kazini chini ya ruhusa ya maandishi na sijaiona!

Nimekipitishia kibandiko mvuke wa pasi, kikajikunja chenyewe. Nimekibandika ukutani karibu na ubao wangu, chini kabisa ya tangazo la Mama Bosi. Sasa panasomeka MARUFUKU KUVUTA NDANI, kisha VUTA. Moja linakataza, jingine linaamrisha. Mwenye akili hufuata la mwisho.

Alasiri imekuwa tulivu ajabu. Mteja mmoja alisukuma mlango, akasukuma tena, akaenda zake. Tarishi aliusukuma kwa paji la uso, akaacha barua chini. Wawili wengine walidhani tumefunga. Kimya kitamu. Nimekaa katikati ya mvuke nikamwonyesha Bibi Stroberi chumba. Amependa pazia.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimeketi juu ya kapu la nguo chafu. Sina haraka ya kwenda popote.

Nilifika mapema, nimevaa shati langu la pekee lisilo na historia. Bi Pua alikuwa kule nyuma anasafisha mashine. Mbele ya feni nilitundika gauni refu jekundu la mteja fulani, nililokuwa nimemaliza kulipiga pasi, ili likauke. Saa nne kasoro dakika tano moyo ukaanza kunidunda. Nikavuta kidogo kutuliza. Nikapuliza katika koti la mpima ardhi. Nikavuta tena. Mikono ya makoti haikutosha leo. Nilijaza duka.

Saa nne kamili, kishindo mlangoni.

Nikageuka. Kioo chote ukungu. Nyuma ya ukungu vivuli vya wanawake, si mmoja, watatu! Na kimoja kimeinua karatasi. Barua yangu. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa amepekua mfuko kabla ya mtu yeyote kukumbatiwa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nani angelifikiria?

Wakasukuma. Mlango haukufunguka, maana ni wa kuvuta, na neno la kuwaambia hivyo lilikuwa kwangu ukutani. Wakatazama ndani, wakaona gauni jekundu linacheza mbele ya feni ndani ya ukungu. Mke wa mpima ardhi akapiga kelele: yule pale, amevaa nyekundu! Mke wa daktari wa meno akasema kumbe ni mwembamba hivyo. Wakaegemeza mabega yote matatu. Nikasema niwafungulie. Nikasukuma kutoka ndani. Wao wanasukuma kwa nje, mimi nasukuma kwa ndani, mlango uko katikati hauna la kufanya.

Na hapo hapo akatokea Mama Bosi, saa nzima kabla ya wakati, funguo za duka jipya mkononi zikiwa na utepe. Akaona wateja wake watatu wanalia nje ya mlango uliofungwa. Akaweka bega naye.

Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. Nikawaambia vuteni! Vuteni, jamani! Ni rahisi, vuta tu!

Kifaa kilikuwa bado mdomoni.

Mama Bosi hakunielewa kama nilivyokusudia. Nilimwona akisoma midomo yangu, kisha akitazama wingu juu ya kichwa changu, kisha ukuta nyuma yangu, ambako neno lile lile limeandikwa kwa bluu. Alikuja kusema baadaye kwamba wavutaji ameshawaona, lakini anayehubiria umma kupitia kioo cha mlango, bado.

Aliyetufungulia ni Bi Pua. Alizunguka kwa mlango wa nyuma, akawatoa kwa upole mmoja mmoja, akavuta. Wakaingia kama maji. Mke wa mwalimu mkuu akalirukia gauni, akalikamata kiunoni, akabaki na hanga mkononi. Feni ikaendelea kuzunguka.

Bi Pua akaanza kunusa. Hakuharakisha. Gauni, hapana. Reli, kidogo. Koti la mpima ardhi, mkono wa kushoto, akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Kisha akatembea mpaka kwangu na kusimama. Mke wa mwalimu mkuu akamfuata, akanishika kola, akaisogeza puani, akafumba macho vilevile alivyofumba Alhamisi.

Akasema: ni yeye.

Mama Bosi akauliza yeye nani.

Akasema: Bibi Stroberi.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani mke wa daktari wa meno. Walicheka mpaka wakakaa sakafuni, katikati ya hanga, na mke wa mwalimu mkuu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anasema maskini mume wangu, siku tatu kwenye kochi, maskini. Wakanisomea barua yangu kwa sauti. Walipofika "mimi ni yule anayekuelewa" ikabidi waanze upya mara tatu. Kisha wakaondoka mbio kwenda kuwaomba waume zao radhi, wameshikana mikono.

Mama Bosi hakucheka. Alikichukua kifaa changu kwa vidole viwili akakifungia kwenye droo. Akasema makoti yote tisa yaliyoingia Jumatano nitayafua upya kwa mikono yangu. Akabandua VUTA akairudisha mlangoni. Kisha akampa Bi Pua funguo, utepe na vyote. Hakungoja hata saa tano.

Niliumia. Nasema kweli, niliumia. Lile pazia jeupe nilikuwa nimeshalizoea.

Bi Pua, kabla ya kutoka, alinijia. Akasema, kaka, dirisha lile ni kubwa, siku ukizidiwa vuka mto, uje uvutie pale, uniulize tu kwanza. Nikamwambia asante, sihitaji huruma ya washindi. Akasema si huruma, ni kuuliza tu. Ana maneno magumu yule dada.


Jumapili, 9 Machi

Nimefua makoti matatu. Nimefikiri sana.

Wanasema stroberi ni mimi. Haiwezekani. Mvuke hauna harufu, hilo nimelieleza tangu Jumatatu. Lakini kola yangu ilinukia, watu wawili wamethibitisha. Basi ilinukiaje?

Nikakaa juu ya kapu. Povu likawa linapanda polepole ndani ya beseni. Na jibu likaja lenyewe, polepole vilevile.

Alikuja! Barua ilimfikia kwa njia zake. Asubuhi ile, katika ukungu, kabla ya kishindo, nilipofumba macho kupuliza, alipita. Alisimama karibu nami, karibu kabisa, akaegemeza kichwa begani pangu. Kisha akasikia vishindo vya wale wanawake, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana Bi Pua aliuacha wazi.

Kwa hiyo nimekumbatiwa. Jumamosi, tarehe nane, saa nne kasoro. Kola sijaifua.


Jumatano, 19 Machi

Mtaani wananiita Bibi Stroberi. Mwalimu mkuu mwenyewe ananiinulia kofia. Siwajibu. Mtu aliyekumbatiwa ana subira.

Nimenunua kifaa kipya. Kasha la njano safari hii, lugha ile ile. Utamu wake ni wa chini chini, kama mtu anakuita kwa jina lako chumba cha pili. Kazini sithubutu, Mama Bosi amehamisha meza yake mbele ya ubao wangu. Nyumbani sheria ya Dada iko palepale. Lakini mimi sheria nazijua, na adabu nazijua zaidi. Nyuma ya mlango wa sebule kuna koti la Shemeji la kutokea, la sufu, mikono mipana. Siku kumi sasa napuliza humo. Hakuna ndoo. Hakuna aliyesumbuliwa.

Jioni ya leo Dada amekuja akaketi ukingoni mwa kochi langu. Analo koti la Shemeji mapajani. Kisha akaanza kulia, Dada yangu, ambaye sijamwona akilia tangu tukiwa watoto. Akasema koti linanukia vanila. Mikononi hasa. Akaniuliza, mimi nduguye wa pekee, kama nimewahi kusikia chochote kuhusu Shemeji na mwanamke.

Nikahisi vibaya sana. Nikamshika mkono. Kumbe Shemeji naye! Mtu wa ndoo! Nikamwambia Dada asilie, mambo haya nina uzoefu nayo, mwanamke huyo nitamtafuta mimi mwenyewe. Akanikumbatia. Akasema ashukuriwe Mungu niko hapa.

Shemeji amehamishiwa kwenye kochi. Mimi niko sakafuni, kwenye mkeka; rimoti bado imo ndani ya kochi. Anageuka, televisheni inawaka, ananiapia gizani kwamba hajui lolote. Nilikuwa namwona huyo mpya ndani ya mwanga wa televisheni, mfupi kidogo kuliko yule wa kwanza, amevaa njano, anavuka sebule bila kugusa sakafu.

Barua nimeshaiandika. Iko katika koti la Shemeji, mfuko wa ndani, wa kulia. Jumamosi, saa nne.